Kompyuta Iliyokaushwa Pamoja na Malewa

Jinja,
Jumapili jioni

Baba yangu, Afande wa nyumba yetu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila kidole gumba kimeungua kidogo kwa kulehemu. Wewe je, umelalaje? Mguu unakubali ngazi za mlangoni? Kuhusu mkono wa kulia siulizi, maana Mama ameshakushitaki kwa simu. Anasema ule mpira wa mazoezi uliopewa hospitalini umempa mbwa, unakula kwa kushoto, na ukiambiwa ukunje vidole unajibu, "Huu mkono umestaafu." Baba, wewe ulistaafu kwa barua. Mkono wako nani aliuandikia?

Niliumia kusikia hivyo, maana muuguzi alisema mkono uliopigwa na kiharusi ukikaa bure utakakamaa. Ndipo nikakumbuka kompyuta yako ya zamani, ile ndogo tuliyokuwa tukiiunganisha kwenye televisheni kule kambi ya magereza ulikokuwa askari. Nikamwomba Mama anitumie.

Lo! Ilifika nyeusi kama sufuria. Kumbe miaka yote hiyo ilikaa jikoni, kwenye dari la moshi juu ya mafiga, pamoja na malewa. Nikampigia. "Moshi inalinda malewa haiozi mwaka mzima," akasema. "Kompyuta ni nini ishindwe?" Basi machipukizi hayo ya mwanzi yamepona, lakini vitufe vya kompyuta vimeyeyuka vikashikana, na kaseti ya programu zako imejikunja. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaanza kazi.

Wako watu nisiowajua, mbali huko duniani, wanaoipenda mashine hiyo kama wewe. Wamechora upya mzunguko wake wa umeme wakauweka wazi mtandaoni, yeyote auchukue, auunde, auboreshe, bila kuomba ruhusa. Zile chipu za kale hazipatikani tena, kwa hiyo wanatumia chipu moja ya kisasa inayofundishwa kujifanya zile. Nimekuwa nikiiunda baada ya kazi, palepale dukani kwa bwana Jagdish, ambako natengeneza redio na televisheni. Alikuwa akinitikisia kichwa. "Simu yangu iko na nguvu kushinda hii takataka yako," alisema. Lakini siku picha ilipotokea kwenye kioo, yeye ndiye aliyewaita majirani.

Seremala wa mtaa wetu amenichongea kasha la mvule. Nilipokusimulia kwa simu uliuliza, "Vitufe ni ya mpira?" Baba, tangu uugue hilo lilikuwa swali lako la kwanza lisilohusu dawa. Ndiyo, ni vya mpira.

Sasa tatizo. Ule mchezo wa hesabu uliotutungia watoto wa kambi, wenye askari anayepiga gwaride, umepotea na kaseti. Umebaki kichwani mwako tu, na ni wewe wa kuuandika upya. Mimi nakumbuka maneno mawili, yale yaliyotutokea tukikosea.

Bwana Jagdish alishauri niongeze kitufe kimoja cha kufutia, mzee asisumbuke. Nilikataa. Unakumbuka kwenye mashine yako kufuta kulitaka vitufe viwili kwa pamoja, kimoja mwisho wa kushoto na kingine mwisho wa kulia. Nimeacha vilevile.

Mashine inakuja Mbale na Mjomba, kaka yake Mama. Okurut, mdogo wangu, akuunganishie kwenye televisheni, kisha akae pembeni. Asikusaidie kubonyeza hata kidogo. Msalimie sana Mama, na umwambie nampenda ila kompyuta hii isikanyage jikoni. Shangazi wa Soroti akipiga simu, naye mpe salamu zangu.

Ukiiwasha utakuta nimekuandikia yale maneno mawili: RUDIA, KURUTA.

Hayafutiki kwa mkono mmoja.

Ni mimi, kuruta wako,
Apolot