Kadi ya Shemeji, Programu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu, mkuu wa maktaba yetu ya sauti, alisimama mlangoni kwangu asubuhi akasema kompyuta yangu inakohoa. Mimi sikusikia kitu. Yeye haoni tangu utotoni, lakini masikio yale — acha tu. Kweli, diski inagonga ndani. Diski moja tu, nayo ndiyo iliyobeba vitabu vyote tulivyowasomea wasioona, miaka na miaka ya sauti za watu. Nimeshinda nanakili, roho juu. Kila kitu kimehama salama! Nimemkumbatia mama wa usafi, hata hajui kisa.

Jumatano, 5 Machi

Sasa tunataka RAID. Diski mbili zibebe kitu kilekile, moja ikifa nyingine iendelee. Hapo tumekubaliana. Ugomvi ni nani azisimamie. Shemeji — mdogo wa mume wangu, fundi wetu wa kompyuta — anataka kadi maalumu, yenye akili yake na betri yake. Mimi nataka programu iliyomo humohumo kwenye kompyuta. Kadi ikifa, nikaitafute wapi nyingine kama hiyo? Shemeji akasema nina mdomo mbaya. Tumebishana mpaka mezani nyumbani. Mume wangu kachukua sahani yake, kahamia sebuleni.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu kachoka nasi. Kasema tupange njia zote mbili, yeye atasikiliza.

Kompyuta mbili mezani, kila moja inasoma riwaya. Shemeji akachomoa diski moja upande wa kadi. Sauti haikukatika. Nikachomoa upande wangu. Haikukatika pia. Mwalimu akacheka, akasema hapo hana cha kuhukumu.

Nikaomba jambo moja: tujifanye kompyuta zote mbili zimekufa. Tukapeleka diski zilizobaki kwenye kompyuta ya mapokezi. Yangu ikasumbua kidogo, kisha msomaji akaendelea na sura yake kama aliyekwenda kunywa maji tu. Ya Shemeji — kompyuta ikasema haiitambui. Bila kadi ile, haisomeki.

Shemeji akajikuna kisogo. "Basi, shemeji. Umenipata."

Nilitaka kuringa. Nikashindwa, nikampa nusu ya chapati yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumehamia programu. Tumerudisha diski ya pili na inajazwa upya, bado haijafika hata nusu. Shemeji anawaeleza wasomaji wetu faida zake kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu zamani. Nimemwachia. Naandika huku nacheka peke yangu.

Mwalimu kaingia. Anasema jana hakupewa zamu, leo anachomoa yeye. Nimemwambia asubiri, ile inayojazwa bado haina kitu cha maana. Anapapasa tu. Kidole kimetua juu ya ile nzima! Shemeji karuka, kamdaka mkono wa shati.

"Mwalimu, ngoja, utatuulia programu yetu."

Yetu! Wanavutana, wote wanacheka, na mkono wa Mwalimu haujatoka kwenye diski. Naweka kalamu —