Nimeziba kwa Praima Pengo la Dada Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na kabla hujaanza kunisoma kaa chini kwanza, maana anayekuandikia si mtu wa kuomba msaada hovyo. Mimi ni fundi wa kupiga rangi magari, huu mwaka wa ishirini na tisa, shule niliishia darasa la sita kwa ugomvi wangu na hesabu za sehemu, lakini njoo gereji kwetu uulize ni nani aliyelipaka basi la abiria sitini mpaka jogoo wa jirani akaiona sura yake mlangoni, akapigana nayo tangu asubuhi, na mchana akafa kwa uchovu tukaenda kumpa mwenyewe pole. Kuna gari liliwahi kubingirika mara tano, nikalinyoosha, nikalipaka, na mwenyewe alipokuja kulichukua akalipita, akaenda kusimama kona analia kwamba limeibiwa. Sisemi haya kujisifu, nasema ujue ni mtu wa namna gani aliyeshindwa.

Nina mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka kumi na moja. Sasa ni mtu mzima, anafundisha kuchora, na akitoka kazini anatengeneza watu. Nasema watu, sisemi midoli. Kila mmoja urefu wake ni kiungo kimoja cha kidole, mwili anaukata kwenye plastiki, sura anaifinyanga kwa ile gundi ya kukanda ya sehemu mbili inayokauka ikawa jiwe, na chombo chake kikubwa ni sindano ya kushonea. Mimi miaka yote nilikuwa nawapita tu, nasema hongera mwanangu, endelea na vijitu vyako, halafu naenda kula.

Safari hii ametengeneza foleni ya bombani ya mtaa wetu wa zamani, watu ishirini na wanane, kwa ajili ya maonyesho, na amebakiza kuwapa praima, ile rangi ya kwanza inayoshika ili rangi nyingine zipate pa kukaa. Kabla hajamaliza akaitwa kwenye mafunzo mbali, anarudi mwisho wa mwezi, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia niachie. Akanipa kikopo chake cha kupuliza, kidogo kama cha manukato, akasema, "Mjomba, tumia hiki tu. Pitisha kidogo, kama unapuliza manukato, basi."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimepaka basi zima, nitashindwa na watu wasiojaza sinia?"

Akasema, "Basi halina pua, mjomba."

Tukacheka wote wawili. Ningejua, nisingecheka.

Siku aliyoondoka nikawatoa uani, na kwa kuwa fundi mzuri hukagua bodi kabla ya kupaka, nikachukua lenzi ya mke wangu ya kutungia sindano nikaangalia. Mshauri, nimeona mengi, lakini hapo nilivuta ndoo nikakaa. Nilimwona fundi cherehani wetu, amekufa miaka mingi, futi yake shingoni, na kwenye ile futi kuna mistari. Nilimwona mama muuza mkaa, na kucha zake zina weusi wa kuchongwa. Nilijiona mimi mwenyewe, nimesimama kwenye foleni bila ndoo, mdomo wazi, nawapigia watu stori, na yule wa mbele yangu amefumba macho kwa kuchoka kunisikiliza. Halafu nikamfikia dada yangu. Amekaa juu ya dumu, kichwa kimeenda nyuma, anacheka, na pengo lake la mbele linaonekana.

Lazima uelewe hilo pengo. Dada yangu alivunjika jino akiwa msichana, na toka hapo kila picha aliyopigwa amefunga mdomo au ameuziba kwa mkono. Hatuna picha hata moja anacheka. Sasa huyu mtoto ameutoa wapi ule mcheko? Ameutoa kichwani mwake, ameushika miaka kumi na tisa, akauweka kwenye uso mdogo kama punje ya mtama, kwa sindano. Nikajikuta nasema shikamoo dada, peke yangu, uani, mchana kweupe.

Ungedhani mtu aliyeona hivyo angetulia. Mimi nikasema, kazi kubwa namna hii haifai kupakwa na kikopo cha manukato. Nikaenda kuchukua praima yangu ya kupuliza ya gereji, ile nzito ya kujazia, ambayo gari ukilipaka, mikwaruzo yote inamezwa na bodi linatoka laini kama yai. Nikasimama mbali, mkono umenyooka, kama napaka ubavu wa lori, na upepo ulikuwepo. Rangi ikafika imeshakauka njiani. Safu ya kwanza ya watu ikatoka inakwaruza kama ulimi wa paka. Nikasema hii dawa yake ni kulowesha, nikasogea, nikawapiga waliobaki mikono mitatu ya rangi mfululizo mpaka wakang'aa, na moyoni nikajipongeza.

Ilipokauka nikachukua lenzi. Futi haina mistari. Kucha hazipo. Dada yangu ana mdomo, lakini ndani ya mdomo ni ukuta. Nimemziba pengo. Kazi yangu maisha yote ni kuziba mapengo, na hilo nimeliziba vizuri kuliko yote.

Mke wangu akachungulia, akauliza, "Umewamwagia uji?" Nikakimbilia thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, maana gereji rangi ikigoma ni thina tu, na kwa bahati nikaanza na ile sanamu yangu mimi mwenyewe, nikajitumbukiza kwenye kifuniko chenye thina. Rangi haikutoka, miguu ndiyo iliyotoka. Kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa kama pipi iliyosahaulika mfukoni. Nikaacha hapo hapo.

Jioni ile ile akapiga simu. "Mjomba, wametokaje?" Nikasema wametoka kama vioo. Akauliza, "Na mama?" Nikasema, "Mama yako anang'aa." Akasema asante mjomba, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Hiyo ni siku tatu zilizopita. Nimeshatunga kwamba paa lilivuja, nimetunga kwamba kikopo chake kilikuwa kibovu, na unajua mimi nikitunga natunga. Naomba unieleze mambo mawili, rangi hii inatokaje bila kumyeyusha dada yangu, na huyu mtoto nimwambie nini.

Ni mimi, fundi mkubwa, niliyedogoshwa na watu wa sinia.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nilikaa chini kama ulivyotaka, na nimeisoma barua yako mara mbili. Ya pili niliisoma nimesimama, kwa hasira.

Nakupa pole, na ni pole ya kweli. Aliyeweza kumwamkia dada yake kwenye sanamu ya ukubwa wa kiungo cha kidole hana moyo mbaya. Lakini usijifiche kwenye huo moyo. Uliachiwa kopo, ukaachiwa na maelekezo ya sentensi moja. Uliona kwa macho yako kwamba kazi imekuzidi, ukaamua dawa ya kuzidiwa ni kuongeza rangi. Umezoea vitu ambavyo kila mkwaruzo juu yake ni kosa. Hawa watu wadogo, mikwaruzo yao ndiyo wao wenyewe. Mpwa wako alikaa na sindano kuiweka, wewe ukaifuta kwa dakika tano, tena ukajipongeza.

Mimi rangi siijui, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo wewe lilikushinda: niliuliza. Nilimtafuta mama mmoja anayetengeneza nyumba na watu wadogo kwa ajili ya wachora ramani za majengo. Nilipomtajia thina alishika kichwa. Thina inakula plastiki, fundi. Ifungie mbali, na hata mkeo asijue ulipoweka ufunguo.

Safu ya kwanza, wale wenye ulimi wa paka, huenda wamebeba vumbi la rangi tu. Hao husuguliwa taratibu kwa mswaki laini mkavu, na wengi hupona. Wale uliowalowesha wanahitaji spiriti safi, ile ya kusafishia vidonda. Anza na kipande cha plastiki kilichobaki mezani kwake, na kipande cha ile gundi iliyokauka, vyote vikiwa vimepakwa praima yako ile ile. Viloweke dakika chache, vitoe, sugua kwa mswaki laini, angalia kwa lenzi. Vikilainika au kunata, acha mara moja. Vikibaki vigumu na rangi ikaanza kuachia, ndiyo unaingia kwa watu, mmoja mmoja, unaanza na yule asiye na sura ya mtu mnayemjua. Ncha ya kijiti cha meno, si ncha ya chuma. Dirisha wazi, glavu mkononi, moto mbali, sigara usiniambie. Inaweza kuchukua mara nne au tano kwa mtu mmoja. Usitafute njia ya mkato.

Na wakishakuwa safi na wakakauka, praima ni ile ya kopo lake, la sivyo hakuna. Tikisa kopo dakika mbili nzima. Siku isiyo na upepo wala unyevu. Umbali wa shibiri moja, si mkono mzima. Anza kupuliza nje ya sanamu, pita juu yake, malizia nje. Plastiki ikichungulia chini ya rangi, iache ichungulie.

Lakini hayo yote ni ya baadaye, na dada yako asiguswe kabisa. Hapo ndipo penye swali lako la pili, ambalo ndilo la kwanza.

Uliharibu sanamu kwa mazoea ya ufundi wako, na hilo husameheka. Ule uongo wa kwenye simu hautokani na ufundi. Mtoto aliuliza kuhusu mama yake, nawe ukamjibu kama unamuuzia mtu gari. Sasa hivi yuko huko mbali anafurahia kitu ambacho hakipo. Kila siku unayomwacha hivyo, praima nayo inazidi kushika. Habari za paa na kopo bovu zizike. Kwa hadithi zako za jogoo nilicheka peke yangu ofisini, nakiri, lakini hadithi hizo hazina mtu anayezilipia.

Mpigie leo. Usianze na salamu ndefu. Mwambie, mwanangu, nilidanganya, nimetumia rangi yangu badala ya yako, na uso wa mama umezibwa. Mwambie na ya thina. Mwambie pia ulichokiona kwa lenzi kabla ya kupaka, futi, kucha, na mcheko, kwa sababu nina wasiwasi hujawahi kumwambia hata mara moja. Kisha muulize yeye kama mama yake aloweshwe au asubiriwe, na kwa mkono wa nani. Pengo lile yeye ndiye aliyelichonga; yeye ndiye anayejua limefika kina gani na sindano ilipita wapi. Siwezi kukuahidi kwamba litarudi lote. Yule mama wa majengo naye hakuniahidi.

Akinyamaza kwenye simu, usimjazie maneno. Shika simu yako, funga mdomo, ngoja. Na atakapokwambia cha kufanya, fanya hicho, kwa kiasi alichosema.