Wali wa Sadaka Kwenye Fungu la Vitwitwi

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia hadharani, Kibokoni nzima isome, maana nikisema barazani naambiwa ni ugomvi wa ndugu. Haya, nina hasira. Nimefura!

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupeleka funguni, kwenye kile kilima cha mchanga baharini, maji yakitoka, mimi na kaka Athumani, viatu mkononi? "Tazama unapokanyaga!" Vitwitwi, vile vindege vya miguu myembamba, hutaga juu ya mchanga mtupu, na yai lao hulitofautishi na kokoto. Tulikuwa tukila chini kabisa, karibu na maji. Kisha inakuja kazi tuliyoichukia: kuokota kila punje ya wali iliyoanguka. Athumani akinung'unika, unamfinya sikio.

"Ukiacha wali unamwita kunguru," ulituambia. "Na kunguru haji kwa wali tu."

Sasa sikia alichofanya mwanao. Ulipofariki akasema, mama alipenda ndege, tumtolee sadaka ya ndege. Akapeleka sinia la wali funguni, akaumwaga mchangani. Watu wakatokwa na machozi, mashaallah, mtoto mwenye heri. Haukupita muda, akawa anapakia wageni mashuani kwa nauli kila Ijumaa, kila mmoja na bakuli lake la wali, amwage kwa niaba ya marehemu. Marehemu mwenyewe ni wewe, Mama!

Na kunguru wa mji mzima wameijua njia. Juzi nilikwenda kujionea. Kitwitwi alikuwa akikimbia huku anaburura bawa, anajifanya mgonjwa ili kunguru amfuate, aliache yai. Kunguru hakumtazama hata kidogo. Alilitoboa yai mbele ya macho yangu, na wageni wanapiga picha, wanacheka. Nililia kwa ghadhabu, wallahi. Mgongo wote wa fungu ni maganda matupu.

Nikamkabili Athumani barazani. "Unaua kwa jina la mama."

"Dada, unataka kumkatia mama thawabu?"

Hata mjomba, aliyekuwa akiziokota punje pamoja nasi, aliinamia kahawa yake. Unawajua watu wetu: nani atathubutu kusimamisha sadaka ya maiti? Lo, yaani heshima yako ndiyo imekuwa kinga yake!

Mimi nitathubutu. Ijumaa hii wali wako naupikia nyumbani, watakula wajane wa mtaani. Nikishaupakua natangulia funguni na mwavuli wangu, nakaa pale mashua inapotia nanga. Anayetaka kumwaga wali aumwage kichwani mwangu. Watasema binti amemnyima mama yake thawabu, na wengine watanisusia hata salamu. Wanisusie.

Nakuombea pepo kila swala. Athumani naye namwombea, ila nimeuma meno.

Binti yako, anayekupenda na asiyenyamaza.