Mgongo wa Mama

Dada yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima wewe na shemeji, na kazi yako ya kuuza tiketi za ndege ikuendee vizuri. Mimi sijambo. Mama aliugua, sasa ana nafuu, na habari yenyewe ni ndefu.

Ilianza alipoinua beseni la nguo zilizolowa. Maumivu yalimshika kiunoni, yakashuka pajani hadi vidole vya mguu, vikafa ganzi. Akawa anauchua mguu kwa mafuta. Daktari alitueleza kwamba mguu hauna kosa. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini kama mto, nacho kimechomoza kikabana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Alisema wengi hupona bila kupasuliwa, kwa dawa za maumivu, mazoezi na kutembea kidogo kidogo. Asilale kutwa, asiinue vizito. Mguu ukilegea, au haja ikimtoka bila kujua, tumkimbize hospitali mara moja.

Nikawa nafunga saluni mapema nimfanyishe mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi pale hospitali. Mama akageukia ukuta, akasema msusi anajua vichwa, migongo haijui. Nikiwa namwosha miguu, akaanza kukusifu: ungekuwepo wewe asingeteseka hivi, wewe ndiye mwenye akili, mikono yako ndiyo myepesi. Dada, nilikuonea wivu. Chooni nampeleka mimi, uji namnywesha mimi, jina linalomtoka mdomoni ni lako.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia, "Dada amepiga simu. Amesema ulale chali, ulete goti kifuani taratibu, kisha utembee mpaka getini."

Mama akageuka. "Sasa mbona hukusema mapema?"

Basi tangu hapo kila agizo la yule mtaalamu lilifika kwa mama kama limetoka kwako. Dada amesema usiiname, kunja magoti. Dada amesema ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Anatii kama mtoto wa darasa la kwanza. Ganzi imebaki kwenye kidole gumba tu. Jana alitembea mwenyewe hadi dukani, akamweleza muuzaji kwamba binti yake wa kwanza amemtibu kutoka mbali. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba kikapu.

Najua unajiuliza mbona hukupata habari. Mama aliniomba nikupigie tangu siku ya kwanza, nami nikamwambia hupatikani. Sikuwa nimekupigia. Nilitaka angalau safari hii mama awe wangu peke yangu.

Jumapili nitampa simu akushukuru. Pokea shukrani zake, usimwambie kwamba maagizo niliyatunga kwa jina lako, asije akasusa mazoezi. Ila mkimaliza, mwambie anipe simu uongee na mimi. Nataka amsikie mtu akiniulizia.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu wote.

Ni mimi mdogo wako,
Msusi