Maboga ya Mama Zaituni

Nachingwea, Jumatano, Novemba 1950

Joto tangu asubuhi. Mawingu yamejazana upande wa Ruangwa, mvua bado.

Leo ni siku yangu ya sita ndani, na mpaka jana nilitamani fungate isiishe. Mume wangu! Kila nikiandika maneno hayo mawili nacheka peke yangu. Akirudi kutoka ofisini hupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, ati asimshtue bi harusi. Tumepata nyumba ya kambi ya wafanyakazi, ya matofali na bati, chumba kimoja na jiko la uani, kwa sababu tuna cheti cha ndoa. Nilimwandikia dada yangu kwamba Mungu ametufungulia.

Sasa najaribu kufurahi na sihisi kitu.

Kila asubuhi nilisikia ufagio uani, nikadhani shangazi zake mume wangu wamemweka mtu. Leo somo yangu, Bi Hadija, anayenitunza fungate hii, alikwenda kisimani, nikachungulia dirishani. Mwanamke anafagia, mtoto mgongoni, wengine wawili wanamwagilia maboga kwa kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bi harusi. Siku sita unakula majani ya maboga yangu, hata chumvi hujanitumia!"

Nikacheka, nikidhani ni utani wa harusi.

Haukuwa utani. Maboga alipanda yeye, Mama Zaituni. Mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga. Kazi zilipopunguzwa, walitolewa kwenye nyumba siku hiyo hiyo. Mume amekwenda Narung'ombe kutafuta pa kujenga, hajaleta habari. Yeye na watoto wanalala kwenye banda la soko. Banda halina kuta.

Nyumba yao ilikuwa hii.

Nikamuuliza kama ameandikisha jina ofisini.

"Mara tatu, mwanangu. Yule karani wa nyumba ni kijana mpole. Ananiambia nisubiri."

Karani wa nyumba ni mume wangu.

Anajua, basi. Amekula mboga ile pamoja nami, akaisifu.

Mimi ambaye hulia hata kwa nyimbo, sikulia. Nilitazama mwimo wa mlango. Ile mistari mitatu ya mkaa niliyodhani ni uchafu ni vimo vya watoto.

Radi ikanguruma. Nikampitishia ufunguo wa jiko dirishani. Hakuupokea mara moja.

"Na mumeo?"

"Ingiza watoto, mama."

Kambi hairuhusu mgeni kulala. Mume wangu alinieleza siku ya kwanza, akitania kwamba hata mama mkwe hana nafasi. Tukigunduliwa, tunaotoka ni sisi.

Mvua imeshuka. Moshi unatoka jikoni, na bi harusi haruhusiwi kushika chungu. Bi Hadija amerudi, ameona, ameketi nami ndani.

Saa kumi na moja mume wangu atakuja. Atauona moshi, na watoto jikoni, kabla hajafika mlangoni. Akipiga hodi, nitamwitikia nini?