Mke Wangu Anapanda Mizani na Mawe Ndani ya Gagulo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza niache nishangilie, maana tangu juzi nimekuwa kama mtoto aliyevishwa viatu vipya: uvimbe wa mke wangu umesinyaa, daktari katuonyesha picha mbili, ya zamani na ya sasa, na hata mimi ambaye macho yamechoka kwa miaka ya ukalimani mahakamani nimeiona tofauti, na mke wangu amerudi kula, amerudi kugombana na redio, jana kaniambia chai yangu ina ladha ya maji ya kuoshea vikombe, nikafurahi karibu nilie.

Sisi ni wakimbizi wa zamani, tumezeekea ugenini. Kwetu mke wangu alikuwa na duka la nafaka, na siku tuliyokimbia aliiacha mizani akabeba mawe yake matatu ya chuma, mawili ya kilo mbili na moja la kilo, nami nilipomuuliza ya nini akanijibu, "Mizani nitaipata popote. Mawe ya kweli sitayapata." Mawe hayo hayo ndiyo yananifanya nikuandikie.

Hospitalini, idara ya dawa za saratani ina dirisha la kioo, na nyuma yake wafamasia waliovaa glovu mbilimbili wanatengeneza dawa ya mgonjwa mmoja mmoja, huyu anachanganya, yule anahakiki, na hawafungui hata chupa mpaka mgonjwa awe amepimwa uzito. Mfamasia mkuu, binti mcheshi ambaye wagonjwa tunamwita Fundi Cherehani, alituambia siku ya kwanza, "Mama, dawa hii si kama shati la dukani. Tunaikata kwa mwili wako." Mke wangu akaitikia, "Haya, mwanangu," kumbe moyoni ameshaanza hesabu zake: nikikonda watanipunguzia, na mteja aliyepunguziwa amepunjwa. Basi alipoanza kukonda akashona mifuko ndani ya gagulo, akaviringisha kila jiwe kwa soksi yasigongane, akapanda mizani. Kilo tano za chuma, mshauri, kwa mwanamke ambaye mwenyewe hafiki hamsini!

Nimegundua safari iliyopita, tukiwa tunatoka, nilipomshika mkono kwenye ngazi kitu kikanigonga goti.

"Nini hiki?"

"Duka," akasema, akaendelea kushuka.

Nyumbani nikamsihi, akaniapisha nisimwambie mtu, na sasa kwa kuwa anakula ana mpango wake: "Nikinenepa kilo natoa kilo, mpaka mawe yaishe, mizani isijue kitu. Nawe usinitie aibu mbele ya yule mtoto wa dirishani, ananiheshimu." Na huyu ndiye aliyewafukuza ndugu zangu dukani walipoomba nyongeza, akiwaambia mizani haina shemeji!

Wiki ijayo tunarudi kwa dawa. Nikisema, nitamvunjia heshima mwanamke ambaye maisha yake yote hajampunja mtu hata punje; nikinyamaza, naogopa. Na liko wazo jingine linanitafuna: je, kama ni zile kilo za chuma ndizo zilizousinyaza uvimbe, tukizitoa si utarudi?

Mkalimani Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Naitanguliza heshima mapema, maana mistari inayofuata haina nyingi.

Habari ya uvimbe imetufurahisha wote hapa. Sehemu ya chai nimeisoma kwa sauti, watu wakaacha kazi wakacheka. Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine ili jibu likuwahi. Sasa nisikilize.

Chuma hakina saratani. Dawa ile ni kali, na ikizidi inamuunguza mwenye mwili pamoja na ugonjwa. Fungu la dawa lililokatwa kwa uzito wa mawe hayalipokei mawe, analipokea mkeo. Hana vidonda mdomoni? Damu yake haijawahi kushuka mkaambiwa rudini siku nyingine? Kama imewahi, wale wafamasia wamekuna vichwa wakitafuta sababu, kumbe sababu iko ndani ya soksi.

Unauliza kama ni mawe yaliyomfaa. Mimi sijui, wewe hujui, na wanaojua kazi hiyo hawawezi kujibu wakiwa wanasoma uzito wa uongo. Waulizeni wao, ukweli ukiwa mezani. Na mama umwambie kwa lugha ya duka: mteja akija na mfuko wa kubeba kilo tatu, ungemjazia tano? Si mfuko ungepasukia mlangoni? Basi mwili wake ndio mfuko. Kupimiwa kwa kadiri yake si kupunjwa, ndicho kipimo kamili.

Habari ya kiapo usiniletee. Umekaa mahakamani miaka yote hiyo, unajua kiapo cha kuficha hatari hakimfungi mtu. Kama mizani haina shemeji, haina mume pia.

Usingoje wiki ijayo. Kesho asubuhi nendeni wote wawili mpaka kwenye lile dirisha, mama ayaweke mawe juu ya kaunta, aseme kwa mdomo wake, na avitaje vidonda pia kama vipo. Nafasi ya kwanza iwe yake. Akikataa kutoka, piga simu idarani useme wewe, naye amekaa hapo anakusikia, si kwa siri. Atanuna. Mvumilie; mwenye nguvu za kununa ni mzima. Binti anayevaa glovu mbili ili tone la dawa ile lisimguse hatamcheka mtu aliyekuwa akiibeba ya ziada mwilini. Atakaa aanze hesabu upya.

Tena mnajua mnachokikosa? Mwanamke ameanza kunenepa, na hospitali nzima haina habari! Kila tonge alilolipigania limefichwa nyuma ya chuma. Apande mizani mikono mitupu, nawe simama kando umsomee namba kwa sauti. Hata ikiwa ndogo, itakuwa yake yote.

Cha kuzidishwa nyumbani kwenu, kwa ushahidi niliousoma, ni majani ya chai tu.