Yai la Lindi Halipasuliwi

Mke wangu Kokugonza, uliyelala migombani,

Nakuandikia kwa herufi zilezile za darasa la ubatizo, kubwa kama ndizi. Atakayeiokota barua hii aisome tu, sina siri. Yai liko salama. Nimeanza na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza.

Wakumbuka nilivyorudi nalo kutoka Lindi, nilikokwenda kuwapikia wazungu waliochimba mifupa ya dinosaria, wale mijusi wa kale wakubwa kuliko kanisa letu hapa Ijumbi. Hakuna Mhaya mwingine aliyewapikia watu wale wakaomba waongezwe. Msimamizi alisema hilo ni jiwe tu, nichukue. Mimi nikakuambia nimelikuta ubavuni mwa paja la mjusi mrefu, kwa hiyo mama yake ni mjusi mrefu. Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. "Kuku wetu ametaga jikoni kwa jirani yetu Ta Byabato. Basi Ta Byabato ndiye mama?"

Nilinuna, sikula. Lakini jioni nilikuta umelilaza kwenye nyasi mpya za sakafuni, upande wako, wewe ambaye, kwa kuwa mila zetu humkataza mwanamke mayai, yai hukuwahi kulitia kinywani.

Sasa amekuja bwana wa miamba, mzungu kutoka Bukoba, na mkalimani wake. Anasema umbo halitoshi, wala mahali lilipookotwa, kama ulivyosema wewe. Aliyelitaga atajulikana kwa mifupa ya kifaranga iliyo ndani, kwa hiyo lipasuliwe kwa msumeno. Isipoonekana mifupa, huenda ni jiwe. Mwanao Rwegasira akamuunga mkono. Byabato naye alikuwa uani, ana hamu ya kuniita mwongo kabla hajafa.

Nikamwambia yule bwana mbele ya wote, "Na wewe mama yako tutamjuaje? Tukupasue?" Mkalimani akakataa kutafsiri. Nikarudia mwenyewe, polepole.

Unadhani sitaki kujua? Nataka sana. Lakini nyumba hii imebakiwa na vitu viwili ulivyokuwa ukivigusa kila asubuhi, na kimoja ni mimi. Msumeno hauingii humu.

Wameondoka. Rwegasira, kwa upole wake ule wa kwako, alimwambia mgeni asubiri, baba akishafariki watalikata. Nilisikia vizuri sana.

Basi sifi. Najua nilikuahidi kwamba sitakawia kukufuata. Nitakawia. Usinitengee chakula bado.

Ni mimi mumeo, mbishi wako.